Vijana wa Luberizi, Shikeni Vipimo

Chukua karatasi moja ya daftari. Iweke kati ya vipande viwili vya aluminiamu, ile nyembamba wanayofungia nyama ya kuchoma, kimoja juu na kimoja chini, visigusane. Hapo, kijana, umeshatengeneza kifaa ambacho viwanda vya dunia vinakitoa kwa mabilioni kila mwaka. Ni kapasita, au kondansateri kama mafundi wetu wanavyosema kuanzia Kamanyola hadi Uvira. Kimo ndani ya redio, ndani ya simu, ndani ya chaja ya sola, na ubavuni mwa moteri ya mashine ya kukoboa mpunga. Na kinachoamua kama kifaa hicho kitafaa au hakitafaa si ile metali inayong'aa. Ni karatasi iliyo katikati.

Nakuandikia wewe unayesoma seksio ya sayansi au ya ufundi hapo Luberizi, katika uwanda wa Ruzizi, na wewe fundi wa redio na moteri mwenye meza yako kando ya barabara ya taifa namba 5, na wewe mwalimu wa fizikia ambaye miaka yote umelifundisha somo hili kwa chaki peke yake. Nina neno moja kwenu: pimeni. Msisubiri maabara. Msisubiri mradi. Tabia za umeme za vitu vyembamba, iwe karatasi, plastiki, kitambaa au ngozi, zinaweza kupimwa Luberizi, mwezi huu huu, kwa usahihi ambao hamtauonea haya mbele ya mtu yeyote.

Kwanza tuelewane tunapima nini. Kihami cha umeme, ambacho wanafizikia hukiita dielektriki, hakipitishi mkondo. Lakini kutopitisha mkondo hakuna maana kwamba kimelala. Ukikiweka kati ya sahani mbili zenye chaji, chanya upande huu na hasi upande ule, chembe zake hujivuta: zenye chaji hasi huelekea sahani ya chanya, zenye chaji chanya huelekea sahani ya hasi. Hazitoki mahali pake. Zinaegemea tu, mfano wa abiria waliojazana ndani ya Hiace kwenye kona za mteremko wa Ngomo. Kuegemea huko kunapunguza nguvu ya uga wa umeme ndani ya kihami, na hivyo sahani zinaweza kubeba chaji nyingi zaidi kwa volti zile zile. Nyingi zaidi mara ngapi? Hiyo ndiyo namba tunayoitafuta, na jina lake ni permitiviti. Ya hewa ni 1 na kipande kidogo sana. Polithini, plastiki ya masashe, ina 2.3 hivi. Karatasi kavu iko kati ya 2 na 4, kutegemea ilivyoshindiliwa kiwandani. Mika, lile jiwe linalobanduka tabaka kwa tabaka ambalo Watanzania walilichimba katika milima ya Uluguru, ina 6 au 7. Kioo cha dirisha kinakaribia 7. Maji yana 80. Ishike vizuri namba hiyo ya maji, tutaihitaji.

Sasa kuna jambo linalotuhusu sisi watu wa Kivu kuliko karibu watu wote wa dunia. Koltani ya Numbi, huko Kalehe, na ya Rubaya, huko Masisi, inatafutwa kwa ajili ya tantalamu. Na tantalamu inatafutwa kwa ajili ya nini? Sehemu kubwa yake ni kwa ajili ya kapasita. Unga wa metali hiyo hushindiliwa na kuchomwa mpaka uwe donge lenye vitundu vingi, kisha donge linatumbukizwa katika maji yenye asidi na kupitishiwa umeme. Juu ya metali hujijenga ngozi ya oksidi nyembamba kupita kiasi, karibu nanomita 2 kwa kila volti moja iliyotumika. Kwa volti 30 unapata ngozi ya nanomita 60. Karatasi ya daftari lako ina nanomita 100,000. Ngozi hiyo ndiyo dielektriki, na permitiviti yake ni karibu 27.

Fikiri maana yake. Kinachofuatwa katika udongo wetu ni uwezo wa kutengeneza utando mwembamba wa kihami! Mwaka 2000 bei ya tantalamu ilipopaa, watu wengi wa Kivu waliacha majembe wakaingia mashimoni. Ni wangapi kati yao waliwahi kuelezwa kwamba thamani ya jiwe lile imekaa ndani ya namba mbili, unene wa utando na permitiviti yake, na kwamba namba hizo hupimwa na watu wenye mikono na macho kama wao? Sisi tumebeba magunia. Kupima kumefanyika kwingine. Jambo hili linaniuma, na sitaki liendelee kwa watoto wenu. Halitageuka kwa sababu bei imepanda au imeshuka. Litageuka siku ambayo katika kila shule ya uwanda wa Ruzizi kutakuwa na mtoto anayeweza kusema kwa uhakika: nimeupima utando huu, unene wake ni huu, permitiviti yake ni hii, na namba yangu inaweza kukosea kwa kiasi hiki.

Wala usidhani elimu hii ilizaliwa katika majumba makubwa. Michael Faraday alikuwa mtoto wa mhunzi, jijini London. Hakukanyaga chuo kikuu kama mwanafunzi. Akiwa na miaka 14 aliwekwa kujifunza kazi ya kujalidi vitabu, na vitabu alivyovijalidi akawa anavisoma. Mwaka 1837 alichukua vyombo viwili vya shaba vinavyofanana kabisa, kila kimoja tufe ndani ya tufe. Kimoja akakiacha na hewa. Cha pili akakijaza nusu kwa utomvu mkavu wa laki, mara nyingine kioo, mara nyingine salfa. Akakipa chombo kimoja chaji, akakigusisha na mwenzake, akatazama ni kipi kimechukua sehemu kubwa. Kile kilichojazwa kilichukua zaidi, na kila kitu alichokijaza kilikuwa na kiwango chake. Kizio tunachopimia leo uwezo wa kapasita kubeba chaji, faradi, kimetokana na jina lake. Tazama vizuri alichofanya: alilinganisha. Vitu viwili vinavyofanana, na tofauti moja tu kati yao. Ukilishika hilo, nusu ya kazi umeimaliza.

Basi tuanze. Tafuta multimeta yenye sehemu ya kupimia kapasita, yenye alama ya nF, yaani nanofaradi. Fundi wa redio anayo, na kama hana anamjua aliye nayo. Inatumia betri ndogo, kwa hiyo umeme ukikatika au usipokuwepo kabisa, kazi inaendelea. Tafuta vipande viwili vya kioo cha dirisha vilivyonyooka. Juu ya kila kipande gandisha aluminiamu bila mikunjo, sentimita 20 kwa 25, na uache ulimi mdogo utokeze pembeni wa kushikia waya. Karatasi ya A4 ukiilaza katikati itazidi aluminiamu pande zote, na hivyo sahani mbili hazitagusana. Juu ya kioo weka mzigo: matofali, vitabu, mfuko wa mchanga, chochote, mradi uwe uzito ule ule kila mara.

Unene utaupataje? Karatasi moja haipimiki kwa rula, lakini bunda la karatasi 500 linapimika. Likiwa na sentimita 5, kila karatasi ina milimita 0.1. Plastiki nayo ikate vipande vingi, uvipange, uvibane, upime kimo chake na ugawe. Akiwepo fundi mwenye mikrometa, ile ambayo waliosoma ufundi kwa Kifaransa wanaiita palmeri, muombe akuhakikishie. Unene ndio unaoangusha watu wengi katika upimaji huu. Ukiukosea kwa sehemu moja ya kumi, jibu lako limekosewa kwa sehemu moja ya kumi, hata multimeta iwe ya bei gani.

Hesabu yake haitishi. Ombwe lina namba yake ya asili, pikofaradi 8.85 kwa mita. Izidishe kwa eneo la aluminiamu, mita za mraba 0.05, kisha ugawe kwa unene, mita 0.0001. Ukigeuza jibu kutoka pikofaradi, unapata nanofaradi 4.4. Hicho ndicho ambacho sahani zako zingebeba kama katikati kungekuwa na hewa tupu ya unene ule ule. Soma sasa multimeta. Ikikuonyesha nanofaradi 12, gawa 12 kwa 4.4. Ni 2.7. Hiyo ndiyo permitiviti ya karatasi yako, na umeipata kwa mikono yako.

Furahi, lakini usiondoke mezani, maana kazi yenyewe ndiyo kwanza inaanza. Chukua plastiki ya polithini yenye unene kama ule. Majedwali yanasema 2.3. Wewe unapata 1.6. Kuna nini? Adui ni hewa. Tuseme kati ya plastiki na aluminiamu kumebaki pengo la mikromita 10 upande wa juu na 10 upande wa chini, pengo ambalo jicho halilioni. Gawa kila unene kwa permitiviti yake. Plastiki: 0.1 kwa 2.3 ni 0.043. Hewa: 0.02 kwa 1 ni 0.02. Hewa ni sehemu moja ya sita tu ya nafasi yote, lakini imekula karibu theluthi ya jumla, na jibu lako limeshuka mpaka 1.6. Hapa ndipo mwanafunzi asiye na msimamo anapofuta 1.6 na kuandika 2.3 ili afanane na kitabu. Usifanye hivyo hata siku moja. Nakusihi. Namba iliyokataa kufanana na kitabu imekuja na habari, na kazi yako ni kuisikiliza mpaka iseme.

Utaisikiliza hivi. Ongeza mzigo juu ya kioo na upime tena. Kama namba inapanda kila unapoongeza matofali, hewa ilikuwepo na inatoka. Au tumia njia ambayo hata maabara kubwa wanaitumia: paka mafuta ya vaselini kwa uchache sana juu ya plastiki, kisha bandika aluminiamu moja kwa moja juu yake na uisukume kwa kidole kutoka katikati kwenda kando mpaka hewa yote itoke. Permitiviti ya vaselini ni ya jirani na ya plastiki yenyewe, kwa hiyo hata ikibaki kidogo haikudanganyi sana. Karatasi usiipake, kwa sababu itayanywa mafuta na kugeuka kitu kingine.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa kuwa haihitaji kununua chochote. Pima karatasi moja. Ongeza ya pili, pima. Ya tatu, ya nne, mpaka kumi. Kila mara gawa 1 kwa namba uliyosoma, uweke alama yake kwenye karatasi ya miraba: idadi ya karatasi chini, jibu la kugawa kando. Alama zitajipanga kwenye mstari ulionyooka. Mwinamo wa mstari ni wa karatasi. Mahali mstari unapokata mhimili wa wima, pale ambapo karatasi ni sifuri, ndipo ilipojificha hewa iliyobaki kwenye aluminiamu. Umeikamata hewa bila kuiona, kwa penseli na rula! Hewa kidogo iliyo kati ya karatasi na karatasi itabaki ndani ya mwinamo, na dawa yake ni uzito. Ukipata mstari ulionyooka kwa mara ya kwanza, muite mwalimu, muite na mdogo wako, waone.

Usisahau waya. Zenyewe zina uwezo wao mdogo wa kubeba chaji. Zitenganishe na sahani bila kuzisogeza sana, soma, andika, na uitoe namba hiyo kwenye kila kipimo. Uga wa umeme pia humwagika kidogo kwenye kingo za sahani. Sahani zikiwa pana na kihami kikiwa chembamba kama karatasi, kosa hilo ni dogo mno. Ukipima kipande cha kioo kinene kwa sarafu mbili, hapo litakuchezea, na ndiyo sababu maabara huzungusha pete ya metali ya ulinzi kando ya sahani moja.

Na huko kwenye maabara za kisasa, wanapotaka kujua karatasi ya plastiki itakuwaje ndani ya antena ya simu, wanapima kwa mawimbi ya gigahezi. Kuna kifaa kilichoendelezwa na Jerzy Krupka wa Warsaw, Poland, chenye vipande viwili vya kauri vinavyotazamana na nafasi nyembamba katikati. Kikiwa kitupu kinavuma kwa masafa fulani. Ukichomeka karatasi ya kupimwa, masafa yanashuka, na kwa kiasi cha kushuka wanaipata permitiviti, pamoja na kiasi cha nguvu ya wimbi kinachopotea na kuwa joto. Bila karatasi, na karatasi. Ni njia ya yule mjalidi vitabu, na ni njia yako wewe pamoja na vioo vyako.

Sasa yale maji. Pima karatasi ya A4 mwezi wa Julai, uwanda ukiwa mkavu na vumbi likitimka, kisha upime karatasi ya bunda lile lile mwezi wa Novemba mvua zikiwa zimekolea. Hutapata namba moja. Karatasi hunywa unyevu wa hewa, na kwa kuwa permitiviti ya maji ni 80, hata maji machache sana yanaipandisha. Tena karatasi yenye unyevu huvujisha mkondo, na multimeta huanza kuyumba. Huhitaji kusubiri miezi: pima asubuhi, anika karatasi juani, pima tena adhuhuri. Kwa hiyo kila kipimo kiandikwe pamoja na hali ya hewa ya saa ile.

Jambo hili lina pesa ndani yake, na wakulima wa mpunga nawaomba wasogee karibu. Vile vifaa vya mkononi vya kupimia unyevu wa nafaka, ambavyo wanunuzi wakubwa hutembea navyo, vingi vinafanya kazi hii hii: nafaka inamiminwa kati ya metali mbili, kifaa kinasoma uwezo wa kapasita, kisha kinaugeuza kuwa asilimia ya unyevu. Mpunga wa kuhifadhiwa ghalani unatakiwa uwe na unyevu wa asilimia 14 au chini yake, la sivyo ukungu unaingia. Mkulima anang'ata punje, mnunuzi anashika kifaa. Katika mabishano ya bei nani atasikilizwa? Lakini kijana anayejua kifaa kile kinasoma nini anaweza kukikagua. Atapima mpunga kwa mizani, ataukausha motoni polepole mpaka uzito usishuke tena, atapima mara ya pili, na tofauti ndiyo maji. Akikuta kifaa kinasema 17 na mizani inasema 14, atakuwa na la kusema, na atalisema kwa namba.

Mafundi wa moteri, nanyi mna hazina mezani. Moteri ya fazi moja inapoguna tu bila kuzunguka, mnajua wa kwanza kushukiwa ni kondansateri. Ndani ya kikopo kile kuna plastiki ya polipropilini, permitiviti 2.2, iliyopakwa metali na kuviringishwa. Tuseme kimeandikwa mikrofaradi 20 na plastiki yake ina unene wa mikromita 7. Fanyeni hesabu ile ile kwa kurudi nyuma: ndani ya kikopo kinachoenea kiganjani mna mita za mraba 7 za plastiki. Mita za mraba saba! Kiwanda kimeujua unene huo na permitiviti hiyo kwa hakika, na ndiyo sababu kikaweza kuandika 20 na kuahidi kwamba haitapungua wala kuzidi ila kwa asilimia chache. Na ninyi mkisoma 12 kwenye kikopo kilichoandikwa 20, mwambieni mteja mmesoma nini na maana yake nini. Mteja aliyeonyeshwa namba hurudi.

Hapa nasema kwa ukali, kwa sababu nawapenda. Kondansateri ya moteri inaweza kubaki na chaji baada ya umeme kuzimwa. Itoeni chaji kwa kupitia rezista kabla ya kuigusa au kuipima. Na zile kuukuu zenye mafuta ndani msizifungue kamwe, maana baadhi ya mafuta ya zamani ni sumu inayokaa mwilini. Kwa kujifunza, karatasi, vioo na betri ya multimeta vinatosha.

Tena, andikeni. Katika miaka ya 1770 bwana mmoja wa Uingereza, Henry Cavendish, alipima uwezo wa vioo na nta na vihami vingine, miaka zaidi ya sitini kabla ya Faraday. Alikuwa tajiri, mwenye vyombo, mwenye akili kubwa. Hakutangaza. Makaratasi yake yalikaa mpaka James Clerk Maxwell alipoyachapisha mwaka 1879, na kufikia hapo Faraday alikuwa ameshaligundua upya jambo hilo la vihami. Miaka mia moja kazi ya mtu mmoja imelala sandukuni. Sasa sisi, ambao vita vimetufukuza majumbani mara nyingi na kutuacha bila daftari wala benchi, tutakubali vipimo vyetu vikae kwenye karatasi moja ya mtu mmoja? Kila kipimo kiandikwe mara mbili, kwenye madaftari mawili ya watu wawili, kipigwe picha kwa simu na kutumwa kwa rafiki aliye Uvira au Bukavu. Tarehe, saa, hali ya hewa, uzito wa mzigo, unene, namba iliyosomwa, jina la aliyesoma. Namba mbaya nazo ziandikwe.

Najua utaniambia: sisi ni nani? Mwaka 1963 kijana wa Kitanzania, Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, aliona mchanganyiko wa moto wa aiskrimu ukiganda kabla ya uliopoa. Aliuliza, wakamcheka. Aliendelea kuuliza, mpaka akamuuliza mgeni kutoka chuo kikuu, Denis Osborne, na Osborne akaenda kupima badala ya kucheka. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Hadi leo wanafizikia wanabishana kuhusu jambo lile, na wanalitaja kwa jina la kijana aliyekataa kunyamaza.

Au tutazame nyumbani. Sandrine Mubenga alikuwa na miaka 17, huko Kikwit, alipohitaji upasuaji wa haraka hospitalini wakati hakuna umeme, na ilibidi mafuta ya jenereta yatafutwe kwanza. Akapona, akaenda kusomea uhandisi wa umeme, akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, akishughulika na betri, na baadaye akateuliwa kuongoza mamlaka inayodhibiti sekta ya umeme ya Kongo. Na Raïssa Malu, mwanafizikia, alianzisha Wiki ya Sayansi na Teknolojia Kinshasa mwaka 2014, ili watoto washike vifaa kwa mikono yao, kabla ya kuwa waziri wa elimu mwaka 2024. Dada zangu wa Luberizi, nimewataja wawili hawa kwa makusudi. Multimeta isiwe ya kaka zenu peke yao. Shikeni waya, someni namba, na jina lenu liandikwe kwenye safu ya aliyesoma.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na kilicho mvunguni kwetu ni kingi! Majedwali ya dunia yamejaa plastiki za viwandani, na kila namba iliyomo iliingizwa na mtu aliyekaa mezani akapima. Ingizeni zenu. Ngozi ya mbuzi iliyokwanguliwa kwa ajili ya ngoma, permitiviti yake ni ngapi ikiwa kavu, na inapanda kiasi gani jioni ya mvua, saa ambayo kila mpiga ngoma anasikia sauti ikilegea? Jani la mgomba lililokaushwa na kupigwa pasi je? Kitenge kimoja kikavu, na kile kile baada ya kufuliwa na kukaushwa tena? Na muhogo, ambao uwanda wote unaulima: chukua wanga wake, uupike na maji na tone la gliserini, uumimine juu ya kioo, uuache ukauke. Utabandua utando mwembamba unaopitisha mwanga, umeutengeneza mwenyewe kwa zao la shamba lenu. Pima unene wake sehemu tano, kwa kuwa hautakuwa sawa kila mahali. Uweke kati ya sahani. Soma.

Uvira kuna ISP, chuo cha ualimu, na kuna Kituo cha Utafiti wa Hidrobiolojia ambacho watu wake wamekuwa wakipima ziwa Tanganyika kwa miongo mingi. Mkiwa na daftari lililojaa, nendeni nalo. Wapelekeeni mistari yenu iliyonyooka na ile iliyokataa kunyooka, muulize kwa nini. Mtu anayefika na vipimo vyake mkononi hapokelewi sawa na anayefika na ombi.

Jumamosi hii inatosha kuanza. Fundi alete multimeta, mwalimu alete vioo, wanafunzi walete karatasi, aluminiamu na matofali. Wa kwanza apime, wa pili aandike, wa tatu arudie kipimo bila kuonyeshwa jibu la wa kwanza. Wakitofautiana, watafute kwa nini, kabla hawajaweka karatasi ya pili.